Mume Wangu Kwenye Jukwaa la Parokia

Tangazo lilisomwa baada ya misa ya pili, Jumapili moja ya kiangazi, majira ambayo baridi ya Likasi huwafanya watu wakae kanisani wamebanana kuliko kawaida. Padri alisema kikundi cha mchezo cha parokia kinaandaa tamthilia mpya, na anayetaka kujaribiwa aje ukumbini katikati ya juma, baada ya kazi. Malipo hakuna. Asiyejua kuigiza anaweza kufagia, kushona au kubeba mabenchi. Mimi nilikuwa nikimnyonyesha mtoto wetu wa pili, na nusu ya maneno ilinipita. Mume wangu aliyasikia yote, ila hakuniambia kitu.

Lazima nieleze alivyokuwa. Alikuwa na kigugumizi tangu utoto. Hakikuwa kile cha kukwama neno moja na kuendelea. Chake kilimfunga koo mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na aliyekuwa akimsikiliza akatazama chini kwa huruma, jambo ambalo mume wangu alilichukia kuliko kuchekwa. Kiwandani alilinda chumba cha swichi, mahali umeme wa mabwawa ya Koni na Mwadingusha ulipoingilia kabla ya kugawanywa kwenye mitambo. Aliipenda kazi hiyo kwa kuwa alikaa peke yake na mishale ya saa zake, na mishale haimuulizi mtu habari. Tabu yake ilikuwa simu. Ikilia, alitumaini mwenzake yuko karibu aipokee; akikosekana, aliishika mwenyewe, na jioni ya siku hiyo alirudi nyumbani amechoka kama aliyebeba magunia.

Hata posa yangu aliileta mjomba wake. Yeye aliketi pembeni ya baba yangu, akanywa munkoyo aliopewa, akatabasamu pale palipotakiwa tabasamu. Baba alidhani ni mtu wa kiburi. Mimi nilimkubali kwa sababu kanisani, katika kwaya, nilimsikia akiimba, na katika wimbo hakuna mahali alipokwama. Nilikuwa msichana, niliona mtu anayeimba vile hawezi kuwa mtu mbaya. Katika hilo sikukosea.

Siku ya majaribio alichelewa kurudi. Alipofika alikuwa amekunja karatasi mfukoni, akala bukari yake, ugali wa kwetu, akatoka uani. Yaliyotokea niliyajua baadaye, kwa Metre mwenyewe. Ndivyo tulivyomwita kiongozi wa kikundi, mwalimu wa shule ya parokia, mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, ambaye tamthilia zote alizitunga yeye. Aliniambia kuwa walikuja watu wengi, karani, makanika wawili, wasichana wa shule ya ushonaji, na kila mmoja alisomeshwa sehemu ya mchezo mbele ya wenzake. Zamu ya mume wangu ilipofika, alisimama na karatasi, na neno la kwanza halikutoka. Ukumbi ulisubiri. Msichana mmoja akaanza kucheka, akajiziba mdomo. Metre angeweza kumwambia asante, rudi nyumbani. Badala yake alimwambia aende na karatasi ile, ayatie maneno kichwani, arudi Jumamosi.

"Na ukisema, usituangalie shiye," alimwambia. "Angalia ukuta wa nyuma. Ongea na ule ukuta."

Basi jioni moja nilikuwa jikoni nikitwanga sombe, majani ya muhogo, nikasikia uani sauti ya mwanamume nisiyemjua. Sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuamrisha, ikiwaambia watu walete kuku. Nilifikiri tumepata mgeni, tena mgeni mwenye ukali. Nikajifunga kikwembe vizuri, nikatoka kumpokea. Uani alikuwepo mume wangu peke yake, amesimama chini ya kamba ya kuanikia nguo, akiutazama ukuta wa choo. Maneno yalikuwa yakimtoka moja baada ya jingine, bila kusukumana, kama watu wanaojua foleni. Alipogeuka na kuniona, alikwama palepale. Nilirudi jikoni nikaendelea kutwanga, maana nilihisi machozi na sikutaka ayaone.

Jumamosi nilikwenda naye, mtoto mgongoni. Aliposimama mbele ya watu aliinua macho kwenye ukuta wa nyuma, pale juu ya mlango palipokuwa na alama ya unyevu wa mvua za zamani, akasema ukurasa mzima. Yule msichana aliyecheka hakucheka tena. Metre alivua miwani, akaifuta, akasema amepata chifu wake.

Ndivyo nami nilivyoingia katika kikundi. Sikuwa na hamu ya jukwaa, lakini nilijua sindano. Jirani yetu alikuwa mke wa mfanyabiashara Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Kasongo. Mumewe alikuwa na duka dogo mtaani Kikula, na alitoa kitambaa cha pazia bila kuulizwa mara mbili. Mama huyo, niliyemwita yaya kwa kuwa alinizidi umri, hakuwahi kukanyaga ukumbi wa parokia, lakini cherehani ilikuwa yake, na pazia lote tulilishona barazani kwake, yeye akikanyaga, mimi nikivuta kitambaa. Aliniuliza kila siku mazoezi yanaendaje. Nilimweleza hata mchezo wenyewe, naye akanikatiza kwa maswali kana kwamba ni habari za ukoo fulani.

Mchezo ulikuwa hivi. Chifu wa kijiji kimoja aliagiza kwamba kila anayekuja kumsalimu alete kuku. Watu walikuwa wengi na heshima ilikuwa nyingi, basi kuku wakaisha mpaka jogoo wa mwisho. Kukawa hakuna wa kuwika. Watu wakalala kupitiliza, mashamba yakaingia majani, njaa ikaja. Chifu akaitisha mkutano, akiwa na hasira, kutaka kujua ni nani aliyewamaliza kuku wa kijiji. Wazee wanalaumu mwewe, wanalaumu wachawi, wanalaumu mgeni aliyepita, na mwisho anafukuzwa mjane mmoja asiye na mtu wa kumtetea.

Wakati ule mkutano wowote wa watu wengi ulihitaji ruhusa ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Metre alikwenda, akaulizwa mchezo unahusu nini, akajibu kuwa unahusu ufugaji wa kuku. Karani akagonga muhuri. Tulicheka sana aliporudi na kutusimulia, hata Padri alicheka.

Kofia ya chifu ilitoka Kapolowe. Babamkwe wake Metre aliishi huko karibu na misheni, na alikuwa na kofia ya zamani ya ngozi ya fungo, imeliwa na wadudu upande mmoja. Niliishonea bitana. Fungo ana madoa, na kwa mbali madoa ni madoa, ungedhani ni chui, kama ile kofia ya Mkuu wa nchi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza hilo, au kama aliwaza, hakusema.

Mazoezi yalichukua kiangazi chote. Mume wangu alitoka zamu, akanawa, akaenda ukumbini bila kuketi kwanza. Nyumbani kigugumizi kilibaki kilekile. Akitaka chumvi alinyoosha kidole. Lakini mwili wake ulibadilika. Alianza kutembea akiwa ameinua kichwa. Siku moja mwenzake wa chumba cha swichi alinikuta sokoni akaniuliza tumempa dawa gani, maana sasa simu ikilia anaisogelea mwenyewe.

Onyesho la kwanza lilifanyika Jumapili saa tisa, mwanga wa jua ukiingia madirishani, kwa sababu taa za ukumbi hazikutosha. Watu walikuja kiasi, wengi wao jamaa za waigizaji. Walipiga makofi, wakaenda. Metre alisimama mbele ya pazia, akatangaza kuwa mchezo utarudiwa Jumapili ijayo, kisha tutaupeleka mtaa wa Panda, kisha Kapolowe misheni, na Mungu akijalia hata Lubumbashi. Wasichana wa kikundi wakaanza kupanga wavae nini Lubumbashi.

Juma lile habari zilitembea. Sijui zilitembea vipi. Labda kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi, labda foleni ya posho. Jumapili ya pili watu walijaa mpaka wengine wakasimama madirishani kwa nje. Mstari wa mbele waliketi wakubwa wa komini na wageni wao, wamevaa abakosti, zile suti za serikali zisizo na tai, na mmoja wao alikuwa na miwani myeusi ambayo hakuivua. Mimi nilikuwa pembeni ya jukwaa, nyuma ya pazia, nimeshika gauni la mjane kwa ajili ya kubadilisha.

Ilifika ile sehemu ya mkutano. Mume wangu alisimama na kofia yake kichwani, akagonga fimbo, akauliza kwa ile sauti ya uani:

"Nani alimaliza kuku ya mugini?"

Katika mchezo, hapo palikuwa na kimya, kisha mzee wa kwanza anamlaumu mwewe. Mzee wa kwanza alikuwa amefungua mdomo. Lakini kutoka nyuma ya ukumbi, karibu na mlango, mwanamume alipaza sauti, akasema, "Njo weye."

Alimwambia chifu kuwa ni yeye mwenyewe, na hakusema kwa ukelele. Alisema kama mtu anayemsaidia mwenzake aliyesahau. Watu wachache wakacheka kwa pua. Nilimtazama mume wangu. Macho yake yalishuka kutoka kwenye ukuta wa nyuma, yakawatazama watu. Nikajua sasa atakwama. Nikaiona shingo yake, nikangoja mishipa isimame.

"Eh, njo minye," akasema. "Na ningali niko na njala."

Maneno hayo hayakuwamo katika karatasi. Hakuyatunga Metre, hayakuwahi kusemwa katika mazoezi. Yalitoka kwake mara moja, kama yanavyotoka kwa watu wengine wote, bila kuombwa. Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mabenchi, walisimama, walishikana mabega. Wanawake walifuta machozi kwa ncha za vikwembe. Kicheko kiliposhuka kilianza tena upande mwingine. Mume wangu alisimama katikati yake, fimbo mkononi, na usoni mwake nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona na sikukiona tena: mtu aliyejibu na akasikiwa.

Mstari wa mbele haukucheka. Metre, aliyekuwa ameketi nyuma yangu kuwakumbusha waigizaji maneno, alishika ukingo wa pazia, akauchungulia mstari ule, kisha akarudi kwenye karatasi zake. Mchezo uliendelea hadi mwisho. Wakubwa waliondoka kabla ya nyimbo za kufungia.

Tulitembea kwenda nyumbani kukiwa bado mchana, mtoto mkubwa akiwa ametangulia, mdogo mgongoni kwangu. Njia nzima mume wangu aliongea. Aliongea nami bila kukwama hata mara moja, kupita ile mijakaranda ya mjini, kupita reli, mpaka kambini. Hakuongea jambo kubwa. Alisema mfereji wa bati umetoboka na atauziba kabla ya mvua. Alisema anataka tulime kipande upande wa mto Lufira, tupande mihogo na karanga. Aliniuliza kama nakumbuka siku ya posa, alivyokaa kimya, na akanieleza alichotaka kumwambia baba yangu siku ile. Nilimsikiliza, nikajibu kidogo tu, nikiogopa nikisema sana nitaikata sauti yake. Laiti ningelijua, ningelipunguza mwendo.

Walimchukua siku chache baadaye, langoni mwa kiwanda, wakati wa kutoka zamu. Mwenzake aliniletea sufuria yake ya chakula, akaiweka kizingitini, akasema kulikuwa na gari la jipu, na watu wawili, na kwamba mume wangu aliingia bila kusukumwa. Hakutaka kuketi. Jioni ileile tulisikia Metre naye amechukuliwa, kutoka darasani, watoto wakitazama.

Nilianza kuzunguka. Ofisi ya kwanza walinituma ya pili, ya pili wakaniambia hawana mtu wa namna hiyo. Padri aliandamana nami mara moja; walimpa kiti, mimi nikasimama, na tulipotoka aliniomba nisali na akanipa sukari kwa watoto. Watu wa kikundi walianza kubadili njia wakiniona. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa na nyumba ya kampuni na posho ya kampuni, na vyote viwili vingeweza kuisha kwa neno moja. Aliyekuja ni yaya. Alikuja kila alasiri, akaketi nami barazani, akawalisha wanangu pamoja na wake. Siku nyingine alikuwa na tasbihi yake na mimi nikiwa na rozari yangu, tukasali mpaka makaa yakahitaji kupulizwa.

Metre alirudi kwanza. Hakuja kwetu. Nilisikia tu kwamba amepewa shule nyingine, mbali huko magharibi, na kwamba familia yake inapakia vyombo. Nilikwenda kumwona kabla ya lori kuondoka. Aliniambia kwamba aliwaeleza ukweli, kuwa maneno yale hayakuwa yake, na wakamwamini. Aliposema hivyo alinitazama, nikaona amekwisha kuelewa maana ya kuaminiwa kwake, kwamba kosa lote lilimwangukia mume wangu. Nilimsaidia mkewe kufunga godoro kwa kamba.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza mume wangu aliporudi. Alikuja kwa miguu kutoka upande wa soko, mchana, amevaa shati la mtu mwingine lililombana mabegani. Mtoto wetu mkubwa alimwona akakimbilia ndani. Nilimletea maji ya kuoga. Alipovua shati niligeuka nikajifanya natafuta sabuni.

Hakusema neno kwa muda mrefu sana. Hata kile kigugumizi hakikuwepo. Hakikuwa na neno la kushika. Kiwandani walimrudisha kazini, lakini si katika chumba cha swichi. Walimpeleka kwenye tanki za asidi, akafagia na kumwaga chokaa palipovuja, na harufu ya kazi ile iliingia katika nguo zake hata nilipozianika siku nzima.

Alichofanyiwa alinieleza baada ya miaka kupita, kwa vipande, na itanibidi nivikusanye. Walimuuliza swali moja tu, tena na tena: nani alikupatia yale maneno? Alitaka kujibu kuwa hakuna, ni yangu mwenyewe. Koo likafunga. Mishipa ikasimama. Yule mwenye miwani myeusi alikuwepo, na yeye alikuwa amemsikia ukumbini akisema kama maji yanayotiririka. Basi waliona anaigiza. Waliona ni mchezo mwingine, mtu anajitia bubu ili amfiche aliyemtuma. Kadiri walivyompiga ndivyo neno lilivyozidi kurudi ndani, na kadiri lilivyorudi ndani ndivyo walivyozidi kumpiga.

"Nilikuwa naitaka kabisa kuisema," aliniambia. "Minye, njo minye. Ni maneno mbili tu."

Nilimshika mkono.

Ukumbi wa parokia ulichukuliwa na vijana wa chama tawala. Pazia letu lilibaki likining'inia, na mbele yake walifundishwa nyimbo na ngoma za kumsifu Mkuu wa nchi. Wake wa wafanyakazi tuliitwa pia. Kila alipokuja mgeni wa serikali tulivalishwa vikwembe vya namna moja, tukapangwa kando ya barabara, tukatikisa viuno tangu asubuhi mpaka magari yapite. Kukataa hakukuwezekana. Mume wangu alinipigia pasi kikwembe kile. Aliweka makaa ndani ya pasi, akakinyoosha taratibu, pindo kwa pindo, akakikunja na kunikabidhi, na mimi nikaenda kucheza.

Kisha wakati ukapita, kama unavyopita hata ukiwa mbaya. Padri yule alihamishwa, akaja mwingine, kijana. Chama kilijenga mahali pake pa kuchezea, ukumbi ukarudishwa. Jumapili moja lilisomwa tangazo tena: kikundi kinafufuliwa, mchezo utahusu chanjo ya watoto, wanaotaka kujaribiwa waje. Sikumtazama mume wangu. Nilikaza macho kwenye altare. Lakini siku ilipofika alinawa, akavaa shati lake jeupe, akatoka, nami nikamfuata, kwa kuwa sikuweza kubaki.

Safari hii kiongozi alikuwa mtu asiyemjua. Alimpa karatasi yenye sehemu ya daktari wa kijiji, akampa na siku za kwenda kuyajifunza maneno, kama Metre alivyofanya. Mume wangu aliyajifunza. Nilimsikia uani, akinong'ona tu, bila sauti. Aliporudi ukumbini alipanda jukwaani, akasimama palepale aliposimama chifu. Akainua macho kuelekea ukuta wa nyuma. Kisha nikaona macho hayawezi kukaa huko. Yalishuka. Yakapita juu ya watu walioketi, mmoja mmoja, mstari wa mbele, mstari wa pili, kama anayemtafuta mtu. Midomo yake haikujaribu hata kufunguka. Tulingoja. Yule kiongozi mpya alikohoa, akasema polepole kwamba si kitu, mzee, si kitu. Mume wangu aliinamisha kichwa kumshukuru, akashuka zile ngazi za mbao, akaona mabenchi yaliyoachwa ovyo, akaanza kuyapanga.

Akawa mbeba mabenchi wa kikundi. Hakuna aliyemteua. Kila onyesho lilipokaribia alikwenda mapema, akayatoa kanisani yale ya ziada, akayapanga kwa mistari iliyonyooka, akafuta vumbi. Onyesho lilipoanza alitoka nje, akaketi kwenye ukuta mfupi wa uzio mpaka aliposikia makofi ya mwisho, akaingia kuyarudisha. Miaka yote ile hakutazama mchezo hata mmoja. Vijana wa kikundi walimpenda, walimwita Tata Mabenchi, baba wa mabenchi, na sidhani kama wengi wao walijua kwamba aliwahi kusimama upande ule wa pazia.

Mara moja niliketi naye ukutani. Ndani watu walikuwa wakicheka jambo fulani, na kila kicheko kilipopanda niliona kidole chake kikigusa goti. Nilimuuliza kwa nini haingii angalau kutazama. Jibu lilimgharimu. Sitaandika jinsi lilivyomtoka, nitaandika tu lilivyokuwa.

"Mbele, zamani ile, nilikuwa naona maneno," alisema. "Sasa naona tu bantu, watu wenye kuniangalia."

Makofi yakasikika. Aliteremka ukutani, akajipangusa suruali, akaingia. Nilimfuata nikashika upande wa pili wa benchi la kwanza, na tukayarudisha yote kanisani, mimi na yeye, wakati watu wakiaga nje na kuulizana onyesho lijalo ni lini.